Pampu Ikiharibika, Tubishe Mlango wa Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

  

Leo tunataka tuzungumze juu ya kazi za kaunti, na jinsi inavyowapa wengine wazifanye. Kaunti kaunsili ziliisha mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza, lakini wengi wetu bado tunasema "kaunsili" tukidai huduma. Haidhuru. Tujue tu nani anapaswa kutujibu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Huduma ya maji, zahanati, soko na chekechea ni za kaunti. Shule ya msingi ni ya Serikali ya Taifa. Ndiyo maana katika uwanja mmoja, chini ya mti mmoja, watoto wa chekechea wana serikali yao na wakubwa wao wana yao. Mzazi akitaka choo kitengenezwe, aulize kwanza ni choo cha nani!

Sasa, kaunti haifanyi kila kitu yenyewe. Mijini, maji hushughulikiwa na kampuni ya maji iliyoundwa na kaunti. Huku kwetu kampuni haioni faida. Lakini Sheria ya Maji ya 2016 inasema kaunti ni lazima iweke mpango hata hivyo, na mradi mdogo unaweza kusimamiwa na chama cha wanakijiji, shirika au mtu binafsi, kwa mkataba na kaunti. Shikeni neno hilo, mkataba.

Kuna kikundi cha kina mama tunachokitembelea. Walichimbiwa kisima kwa mashine. Siku ya kufungua palikuwa na mahema, ngoma na hotuba. Wakaambiwa, "Mradi sasa ni wenu." Wakapiga makofi, nasi tukapiga. Waliuza maji vizuri, wakaweka akiba kidogo. Pampu ilipoungua wakaenda ofisi ya maji: "Mlikabidhiwa, ni yenu." Wakaenda kwa waliochimba: "Sisi tuliikabidhi kaunti." Chifu akasema si kazi yake, na kusema kweli hakukosea. Miezi saba walirudi mtoni, mitungi mgongoni. Walipoulizwa karatasi, walikuwa na picha za siku ya kufungua.

Hapo sisi wa kanisa pia tuna lawama. Tumefungua miradi mingi kwa Misa, tukaondoka bila kuacha hata barua.

Hata serikali kwa serikali huandikiana. Mwaka 2020 Kaunti ya Nairobi iliipa Serikali ya Taifa kazi nne, zikiwemo afya na usafiri, kwa hati yenye sahihi. Na Katiba, kifungu cha 187, inasema kazi ikihamishwa hivyo, wajibu hubaki kwa serikali iliyopewa na Katiba. Wakubwa wakiandikiana, mama wa kijijini aambiwe kwa mdomo kwa nini?

Basi mkiitwa kupokea mradi, msichukue funguo kabla ya karatasi. Iandikwe mabomba na tangi ni mali ya nani, nani atapanga bei ya mtungi, nani atakagua hesabu. Iandikwe matengenezo yapi kikundi kitalipa kutoka kwa mauzo, na yapi ni ya kaunti. Hapa msione haya, bishaneni, maana bei ya mota haitoki kwa kuuza kuku. Atie sahihi afisa wa kaunti mwenye mamlaka, wala si mgeni wa heshima. Nakala isikae nyumbani kwa mwenyekiti pekee. Wenyeviti hufa, na wengine huhama na faili.

Kina mama wale waliandika barua kwa ofisi ya maji, nakala kwa mjumbe wa wadi, wakaomba mkataba. Kaunti ilikubali kununua mota. Juu ya tangi bado wanabishana.

Mwezi ujao kila kikundi kije na karatasi yoyote ya mradi wake, hata kama imeliwa na mchwa. Tutazisoma pamoja.