Mwiko, Kibuyu na Mchanga wa Msalato

Ndugu wasikilizaji, mbukwenyi!

Nimeanza kwa salamu ya Wagogo kwa sababu mazungumzo yangu ya leo nimeyaokota Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kwenye barabara iendayo Kondoa. Wengi wenu mnapajua mahali hapo kwa shule yake ya sekondari ya wasichana, kwa habari za uwanja wa ndege wa kimataifa, na zaidi, tusifichane, kwa mnada wake wa Jumamosi na nyama yake ya kuchoma. Mimi pia nilikuwa nimefuata nyama. Nikarudi na somo la malezi.

Pembeni mwa mnada, chini ya mti, alikaa bibi mmoja akipepeta uwele kwa ungo. Mbele yake mjukuu wake, apataye miaka miwili, alikuwa kwenye mchanga. Mbele ya mtoto yule kulikuwa na kata ya kibuyu, mwiko uliokatika mpini, kikombe cha bati na gunzi la muhindi. Anachota mchanga kwa kata, anaumimina kikombeni, unafurika, anacheka, anaumwaga, anaanza upya. Mara analichukua gunzi na kulisugua shavuni pake, kisha anamnyooshea bibi naye alisikie.

Nikajitia ujuzi wa mjini. "Bibi, mtoto anachafuka."

Bibi hakuinua hata macho. "Anafanya kazi, mwanangu. Mimi napepeta, yeye anapima. Uchafu nitamwosha jioni."

Ndugu zangu, jibu lile lilinifuata mpaka nyumbani. Nyumbani kwangu nina mjukuu wa umri huo huo. Ana zulia, ana televisheni, na akilia hupewa simu. Jioni ile nilikaa pembeni nikahesabu. Kabla ya chakula alikuwa ameambiwa "acha" mara 17. Acha sufuria, acha unga, acha maji, acha kitunguu. Kitu pekee ambacho hakuambiwa akiache ni ile simu.

Sasa tujiulize, mtoto anapochezea mchanga anapata nini? Mtoto mdogo hajifunzi kwa kuhubiriwa. Anajifunza kwa mikono, ulimi, pua, macho na masikio. Neno "baridi" halina maana kwake mpaka aguse maji ya mtungini. "Zito" na "jepesi" anazifahamu kwa kubeba. "Kimejaa" na "kimebaki kitupu" ndiyo hesabu yake ya kwanza, naye huisoma katika kikombe kabla ya kuiona ubaoni. Wataalamu wanatuambia kwamba mtoto afikapo miaka mitano, ubongo wake huwa umekwisha kufikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Maana yake ni kwamba tukimsubiri mwalimu wa darasa la kwanza ndipo aanze, tumechelewa sana.

Jambo hili lilipimwa huko Jamaika. Katika mji wa Kingston, mwaka 1986 na 1987, walichaguliwa watoto 129 waliodumaa kwa lishe duni. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya kila wiki, saa moja tu, kwa muda wa miaka miwili. Wahudumu wale walimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mabaki ya nyumbani. Watoto wale walipofika umri wa miaka 22, waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao waliodumaa lakini hawakuchezeshwa. Nasi hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Chakula ni lazima, wala mchezo haushibishi. Lakini uji peke yake nao hautoshi.

Kuna kichekesho kingine. Mwaka 1907, daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, alifungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma. Baadhi ya mambo ambayo watoto katika shule za namna yake hufanya ni kumimina nafaka kutoka chombo hiki kwenda kile, kufagia, na kutambua vitu kwa kuvipapasa. Leo katika miji yetu jina la mama huyo limeandikwa kwenye mageti ya shule za chekechea, na wazazi wanajinyima walipe ada. Hatukatai shule. Lakini tusije tukalipa ili mtoto akaruhusiwe shuleni kile tulichomkataza nyumbani bure.

Basi tufanye nini? Nitataja machache, ambayo hayahitaji duka.

Mtoto wa miezi michache mwonyeshe kanga yenye maua makubwa, isogeze taratibu macho yake yaifuate. Tia punje za mahindi katika chupa ndogo ya plastiki, funga kizibo barabara, itikise upande huu na upande ule atafute sauti inatoka wapi.

Akishaweza kukaa, mpe kapu lenye vitu vinavyotofautiana: mwiko wa mbao, kijiko cha bati, kipande cha ukili, kitambaa laini, kata ya kibuyu. Vyote vioshwe, kwa maana vyote vitaingia mdomoni. Mwache achague mwenyewe.

Akitembea, mpe mchanga safi na maji. Najua mtanilaumu. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, na ndoo ya maji ina bei. Basi tumia maji uliyooshea mboga, nusu beseni yatosha, na akimaliza kucheza yamwagieni mpapai pamoja. Hapo amejifunza jambo la pili. Unga nao usipotezwe. Siku ya chapati mkatie donge lake dogo alikande, alitandaze, lipikwe, alile. Hata kama litatoka na umbo la mjusi, ni chapati.

Afikapo miaka mitatu au minne, mfumbe macho anuse limau, tangawizi, iliki, kitunguu, akuambie ni kipi. Mpe udongo wa mfinyanzi afinyange ng'ombe, kama walivyofanya babu zetu walipokuwa wachungaji wadogo. Mchambue naye maharage, mekundu huku, ya njano kule.

Na wakati wote huo zungumza naye. Hili ndilo linalosahauliwa. Mchanga hausemi, wewe ndiwe unayempa maneno: "Umejaza. Sasa umemwaga. Huu ni mkavu, huu umelowa." Sema kwa Kigogo, kwa Kirangi, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote unayoimudu vizuri. Na dada anayekulelea mtoto naye umweleze hivyo, kwa sababu tukimdai nyumba ing'ae kuanzia asubuhi hadi jioni, atamfunga mtoto mgongoni au atamweka mbele ya televisheni. Kosa hilo litakuwa letu, si lake.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu mwenyewe. Niliporudi Msalato nilipata bidii ya mwongofu mpya. Siku ya pili nikampa mjukuu wangu bakuli la maharage, nikatoka uani mara moja kumjibu jirani. Niliporudi, harage moja lilikuwa limezama puani. Tulikimbizana mpaka zahanati, na mganga aliyelitoa alinikemea mbele ya watu kama mtoto wa shule. Nilistahili.

Kwa hiyo tusikilizane. Punje, karanga, vifungo na betri si vya mtoto wa chini ya miaka mitatu. Hata aliyezidi umri huo asiachwe navyo peke yake. Chupa ya nafaka ikilegea kizibo, itupeni. Beseni la maji lisiachwe na mtoto hata kwa dakika moja. Maji machache yanatosha kumzamisha, na mtoto anayezama hapigi kelele. Kopo lililokuwa na dawa ya wadudu halioshwi likawa la kuchezea. Na nafaka yenye ukungu asiishike kabisa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa hapa Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, nasi hatujasahau. Yule bibi wa Msalato alikuwa akipepeta, lakini hakuwa mbali. Mkono wake ulimfikia mjukuu wakati wote. Hilo sikuliona siku ile.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inataja mchezo kuwa ni haki. Desemba 2021 Serikali ilizindua hapa Dodoma programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Ni mambo mema. Lakini hakuna waziri atakayekuja jikoni kwako kumkabidhi mtoto mwiko.

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu na mimi tulikaa uani. Nilikuwa na gazeti, yeye alikuwa na kikombe na kata. Alimimina maji, mengi yakaangukia gazeti langu. Mdomo ulishafunguka kusema "acha". Nikaufunga. Nikamwambia, "Limelowa." Akaligusa, akaniangalia, akasema, "Limeowa."

Ni neno lake jipya, nami nimelipata kwa bei ya gazeti moja.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.