Tuyatunze Macho Yetu Msimu wa Kipupwe



Tumo katika kipupwe, msimu ambao hapa Makete hudumu tangu Juni hadi Agosti, na kule Kitulo sakitu huanguka alfajiri. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo, na upepo hukausha machozi yanayolinda jicho. Moshi wa kuni jikoni huzidisha mwasho.

Jicho kavu huchoma na kukereketa kana kwamba limeingiwa na mchanga. Wakati mwingine hububujika machozi, kwa kuwa jicho lililokereketwa hujaribu kujiokoa. Hivyo, machozi mengi si ushahidi kwamba jicho halijakauka.

Tupikie mahali penye hewa ya kutosha. Tuvae miwani tunapopanda pikipiki. Tupepese macho mara kwa mara tunapotazama simu. Tukande kope zilizofumbwa kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu.

Nawasihi jambo moja zaidi: tusitie jichoni maji ya majani, maziwa, wala dawa aliyoandikiwa jirani. Baadhi ya dawa za matone zina steroidi. Zikitumiwa bila usimamizi wa mtaalamu, huweza kupandisha shinikizo la jicho na hatimaye kupofusha.

Jicho likiuma sana, likiwa jekundu, likiumizwa na mwanga au uoni ukififia, twende zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, tusingoje kipupwe kipite.