Mwalimu Asimamaye Nyuma ya Mwanafunzi

(Hotuba kwa vijana wa jumuiya, baada ya futari)



Nimepewa dakika chache, basi naingia moja kwa moja. Nataka tumtaje mwalimu ambaye twamsahau sana: yule anayemfunza nesi kazi ya nusukaputi, yaani kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji na kumwamsha salama.

Mgonjwa akipona twamshukuru nani? Daktari aliyepasua. Ni haki yake. Lakini hebu tufikirie. Ukitiwa dawa ya usingizi mzito, pumzi yaweza kusimama na wewe hujijui. Ubongo ukikosa oksijeni dakika chache tu, huharibika. Muda wote huo pumzi yako imo mikononi mwa mtu wa nusukaputi. Na yeye pia alifunzwa na mtu.

Hapa Kenya, hospitali ya Kijabe ni mojawapo ya mahali manesi wanapofunzwa kazi hii. Kwa nini manesi? Madaktari bingwa wa nusukaputi ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Mama wa kijijini anayehitaji kupasuliwa usiku ili azae hawezi kungoja bingwa atoke Nairobi.

Sasa, darasani mtu husoma kitabu akafaulu. Mtihani wenyewe uko thieta. Mwanafunzi ameshika barakoa ya hewa, mikono yatetemeka. Kuna mwalimu anayemnyang'anya vifaa kila mara, mwanafunzi akamaliza masomo mikono haijui kitu. Kuna mwingine anayemwachia mgonjwa akaenda zake kunywa chai. Wote wawili hawafai.

Mwalimu bora husimama nyuma yake. Ameshamuuliza mapema: mashine umeikagua? Cha kufyonza mate chafanya kazi? Mrija ukikataa kuingia kooni, utafanyaje? Kisha humwacha afanye, macho yake mwenyewe yako kwa mgonjwa. Ajua wakati wa kungoja na wakati wa kuchukua. Na kosa hulisema baadaye, faraghani, bila kumtahayarisha mtu mbele ya wenzake.

Wenzetu Marekani wameliona hili. Mwaka 1915 nesi mmoja mzaliwa wa Kanada, Agatha Hodgins, alifungua shule ya nusukaputi katika hospitali ya Lakeside, mjini Cleveland. Mwaka 1931 alianzisha chama cha manesi wa kazi hiyo, akawa rais wake wa kwanza. Chama hicho kina tuzo maalumu ya mkufunzi bora wa hospitalini. Hapewi kwa kuandika vitabu. Hupewa kwa kufunza kando ya mgonjwa.

Sisi je? Tusingoje vikombe. Wewe unayesomea unesi, mwandikie barua mkuu wa hospitali, umtaje mwalimu wako kwa jina. Usiseme tu "ni mtu mzuri." Sema alikufunza nini, siku gani, na mgonjwa alifaidika vipi. Kufunza humwongezea mtu kazi juu ya kazi. Akiona hakuna anayejali, atachoka, ataacha. Hasara itamfika mgonjwa wa kesho, na huenda akawa mamako au dadako.

Na sisi wengine, tukienda kumjulia hali mgonjwa aliyepasuliwa, tuulize pia: nani alikuwa akiilinda pumzi yake? Tumshukuru, na aliyemfunza tumshukuru.