Shaba, Pua na Panga la Nyumbani

Tumeombwa kusema habari za madini, nasi tumechagua jambo moja tu, kwa kuwa lahusu panga la kila nyumba.

Chukueni kwanza chungu cha Wakisi kilichonunuliwa sokoni Lyulilo, karibu na Matema. Kikivunjika, tazameni ukingo wa kigae: chembe za mchanga zaonekana mbalimbali na udongo. Sasa tieni chumvi katika maji, mkoroge. Chumvi haionekani tena wala haiokoteki, lakini kila tone lina ladha yake. Watu wengi hudhani kwamba jambo hili la pili hutokea katika vitu vya majimaji peke yake. Sivyo, hutokea hata katika vitu vigumu, na madini ndiyo mashahidi.

Zamani Wanyakyusa walivaa kiunoni pete nzito za shaba ya manjano. Shaba ile ni madini mawili: shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki, yaani yale yanayopakwa juu ya mabati ya nyumba yasishikwe na kutu. Chembe ndogo kabisa za shaba, ambazo wataalamu huziita atomu, zimejipanga safu kwa safu kama miche ya mpunga iliyopandwa kwa kamba. Zinki ikiingia, atomu yake hushika mahali pa atomu ya shaba katika safu ile ile. Lakini kwa kuwa ukubwa wake si sawasawa, safu hupindika kidogo, na safu zilizopindika haziteleziani kwa urahisi. Ndiyo sababu shaba ya manjano ni ngumu kuliko nyekundu. Tena kuna mpaka: zinki ikizidi kama sehemu 35 katika 100, safu haziwezi kuipokea yote.

Chuma kina habari nyingine. Wakinga wa milima ya Livingstone, waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kuwauzia Wanyakyusa majembe, walitumia makaa. Makaa hayatoi moto tu. Kaboni iliyomo huingia katika chuma. Atomu ya kaboni ni ndogo mno, haimwondoi mwenyeji mahali pake, bali hujipenyeza katikati, kama mtoto kati ya watu wazima kanisani. Chuma chenye kaboni kidogo hivi, mara nyingi isiyofika sehemu 1 katika 100, ndicho pua.

Na hapa ndipo penye faida. Chuma baridi karibu hakiipokei kaboni kabisa. Kikiwa chekundu kwa moto, kupita digrii 727, safu zake hujipanga upya na kuacha nafasi, kaboni ikaingia. Mhunzi akikizamisha majini ghafula, kaboni haipati wakati wa kutoka. Hufungiwa humo, ikizikaza safu, na pua huwa ngumu sana, hata huvunjika upesi. Kwa hiyo mhunzi huipasha tena moto kidogo, ili ukali huo upungue. Lakini ikipoa polepole, kaboni hutoka katika safu, na pua hulainika.

Basi mtazameni mtu atakaye kutia mpini. Hulitia panga zima motoni mpaka liwe jekundu, akatoboa mti kwa mkia wake, kisha huliacha lipoe majivuni. Panga ni lile lile, uzito ule ule. Lakini siku ya kufyeka makali hulala, na mwenye duka hulaumiwa bure.

Ni heri kutoboa mpini kwa chuma kingine cha moto. Kama hakuna, pasheni mkia peke yake, na ubao wa panga uviringishwe kitambaa kilichoroweshwa maji. Kadhalika mnoapo kwa jiwe la kuzunguka, tieni maji. Rangi ya samawati ikitokea kwenye makali, joto limekwisha pita kiasi na ugumu umepungua, wala haurudi mpaka mhunzi alichome panga tena na kulizamisha.