Mali Bila Daftari: Maneno Machache Juu ya Wosia na Mirathi



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo ambalo familia nyingi hulikwepa, yaani mali itakuwaje baada ya mwenyewe kuondoka duniani. Wako wanaoamini kuwa kulizungumza ni kujiitia mkosi. Sisi tunaona kinyume chake. Kila Diwali tunaleta madaftari mapya mbele ya Lakshmi, tunayabariki kwa chopda pujan, nasi tunafunga hesabu za mwaka bila woga. Basi kwa nini tuogope kufunga hesabu za maisha? Waswahili wenzetu wamekwisha kutufundisha, na maneno hayo yamebandikwa katika maduka mengi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1972 Waasia wa Uganda walipewa siku 90 kuondoka nchini. Waliacha mashamba, viwanda na nyumba. Mwaka 1982 Uganda ilitunga sheria ya kurejesha mali hizo, na katika miaka iliyofuata wenyewe au warithi wao walitakiwa kuja kudai. Mwenye hati na uthibitisho wa urithi alikuwa na la kushika mkononi. Kwa ambaye baba yake alibeba kila kitu kichwani, njia ilikuwa ngumu. Somo hilo halihusu Uganda peke yake. Kifo nacho hufukuza mtu katika mali yake, wala hakitoi hata siku 90.

Sasa tuje kwetu Tanzania. Mirathi hapa haina sheria moja kwa wote. Iko sheria ya kimila, iko sheria ya Kiislamu, na iko sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 tuliyoirithi kutoka kwa watawala wa Kiingereza. Kwa sisi Wahindu jambo hili lina matokeo ya karibu sana. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale tu ambapo sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu. Kwa hiyo mirathi ya Mhindu haifunguliwi huko, hata kama mahakama hiyo iko jirani na duka lake. Hufunguliwa katika mahakama za juu yake, kulingana na ukubwa wa mali. Familia isiyolijua hili yaweza kupoteza miezi mingi, kisha ikaambiwa ianze upya.

Majirani zetu nao wana lao la kuzingatia. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 humweka binti katika daraja la tatu la warithi, na mjane halimpi fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Huambiwa atatunzwa na watoto wake. Mume ampendaye mkewe, naye ametafuta naye mali hiyo tangu kibanda cha kwanza, asimwachie ulinzi wa namna hiyo peke yake. Na aandike wosia. Nasi Wahindu tusijione tumesalimika, maana kwetu pia ilikuwa desturi binti apewe dhahabu siku ya harusi na kaka zake wabaki na nyumba. India yenyewe ilirekebisha sheria yake mwaka 2005, binti akapewa haki sawa na mwana katika mali ya pamoja ya familia.

Wosia si jambo la matajiri. Mwenye kiwanja kimoja na mashine moja ya kukoboa mpunga anauhitaji sawasawa na mwenye maghala. Uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wanaoiona sahihi ikitiwa, nao wasiwe warithi. Umtaje msimamizi kwa jina, pamoja na mwingine wa kushika nafasi yake akishindwa. Nakala isifungiwe katika sefu ambayo ufunguo wake anaujua marehemu tu. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia, na wakili pia aweza.

Pamoja na wosia liwepo daftari la mali: hati za viwanja, akaunti za benki, hisa, bima, na hasa madeni. Sisi wafanyabiashara twaishi kwa mali kauli. Tunadai na tunadaiwa, na mara nyingi ushahidi ni neno la mdomo. Mwenye neno akifa, anayedaiwa husahau upesi, naye anayedai hukumbuka hata kisichokuwapo.

Biashara ya ndugu yataka uangalifu wa pekee. Ubia wa kawaida, kama hakuna makubaliano mengine, huvunjika mbia mmoja anapofariki. Kampuni iliyosajiliwa haifi. Hisa za marehemu huenda kwa warithi wake na duka hufunguliwa kesho yake. Ndugu wanaouza pamoja chini ya jina la baba wakae sasa, wangali wanakula sahani moja, waandike nani ana fungu gani.

Tuwakumbuke pia watoto walioko Leicester, London au Toronto. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea masharti asiye raia katika kumiliki ardhi. Mzazi mwenye nyumba Mpanda na mtoto aliyechukua pasipoti ya nje amwone mwanasheria mapema, ili ijulikane kama atapewa nyumba, au fedha ya mauzo yake.

Msimamizi naye ajue kuwa amepewa amana, wala si zawadi. Kwa sheria ya usimamizi wa mirathi, hupeleka mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu kamili ndani ya mwaka mmoja. Jina lake likiandikwa kwenye hati ya kiwanja, limeandikwa kwa niaba ya warithi wote.

Ndugu zetu, tazameni mandir hii tuliyomo. Walioichangia wengine hawapo tena, lakini hakuna mtoto wa mchangiaji aliyekuja kudai tofali lake. Mali ya mandir imo mikononi mwa wadhamini waliosajiliwa. Mdhamini mmoja akiondoka, mwingine huchukua nafasi yake na mali husimama palepale. Wazee wetu walilifanyia hekalu utaratibu huo mwema. Wajane na watoto wetu wanastahili utaratibu kama huo.

Tunaomba kila familia, kabla ya Diwali ijayo, ikae pamoja na iandike. Na wazee wawaite mabinti pia katika kikao hicho.