Rimoti Iko Mkononi mwa Nani?



Nimepewa mada ya teknolojia ya anga. Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, "Huyu anatupeleka mwezini wakati nauli ya daladala imetushinda." Subiri kidogo, kamanda.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Wakenya wakisherehekea uhuru wao, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani. Ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili, bahari ya kwetu. Lakini roketi na satelaiti ni za Wamarekani, warushaji Waitaliano. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuja kupata satelaiti yake, kijimchemraba cha sentimita 10, mwaka 2018. Karibu miaka 48 baadaye!

Somo ni hili: kutoa eneo siyo kupata ujuzi.

Sasa njooni Zanzibar. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa SUZA wakafundishwa kuzirusha wenyewe. Hapo kuna tofauti. Mradi ukiisha, ujuzi unabaki kwa kijana wa hapa hapa.

Droni inajuaje iko wapi? Inapokea ishara za satelaiti zisizopungua nne, inapima muda zilizotumia kufika, inapiga hesabu. GPS ni ya Wamarekani; Warusi, Wachina na Ulaya nao wakajenga mifumo yao. Sisi leo hatuna ubavu huo, tusidanganyane. Ila GPS ya simu yako inaweza kukosea mita kadhaa, na kwenye mpaka wa kiwanja mita tatu ni ugomvi wa ukoo mzima. Kusahihisha kosa hilo, kwa alama za upimaji zilizowekwa ardhini, ni kazi ambayo vyuo vyetu vinaiweza.

Na hapa ndipo siasa inapoingia. Mama akiambiwa nyumba yake imo ndani ya hifadhi ya barabara, fidia hakuna, ramani ameishika nani? Kama hakuna kijana wa mtaani anayeweza kuisoma, atabomolewa huku akiamini wataalamu wamesema.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Ramani zilizotengenezwa kwa fedha za umma ziwe wazi kwa umma. Vyuo vipewe fedha za utafiti, siyo za makongamano. Na kibali cha kurusha droni kisiwe mlima kwa mwanafunzi.

Lakini tusikae kudai tu. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulitumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayofurika, wakaiweka OpenStreetMap, ambayo ni bure. Nanyi kila tawi, kabla ya masika, mchore mitaro ya mtaa wenu. Siku diwani akisema mtaro upo, fungua simu umwonyeshe.