Kuimarisha Msuli wa Serato: Kazi Iko Mwishoni mwa Pushapu



Mchezaji wa mpira wa wavu akilalamikia bega, wengi wetu hulikimbilia bega lenyewe: tunalikanda, tunalipaka dawa, kisha tunampa vyuma anyanyue. Ninachowaomba leo ni kwamba kabla ya hayo yote tumgeuze mgonjwa, tumtazame mgongoni.

Msuli wa serato ya mbele huanzia ubavuni, kwenye mbavu nane au tisa za juu, ncha zake zimepangana kama meno ya msumeno. Hupita kati ya mbavu na kombe la bega, ukajishika kwenye ukingo wa kombe ulio karibu na uti wa mgongo. Ndio unaolivuta kombe mbele bondia anaporusha ngumi, unaolibana lisiachane na mbavu, na unaosaidia kulizungusha mkono unapopanda. Mkono ukiinuliwa hadi nyuzi 180, takriban 120 hutoka kwenye kiungo cha bega na 60 hutokana na mzunguko wa kombe. Serato ikilegea, sehemu hiyo ya pili hupungua, na misuli ya shingoni hujitwika kazi isiyo yake. Ndiyo maana utamwona mtu anainua mkono huku bega limepanda karibu na sikio.

Kupima hakuhitaji mashine. Mwambie avue fulana, asukume ukuta kwa mikono miwili, nawe usimame nyuma yake. Kombe likichomoza mgongoni, una jibu la kuanzia.

Sasa pushapu. Viwiko vikishanyooka, mchezaji huhesabu moja na kushuka, na kocha hufurahi. Kwa serato, hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Aendelee kusukuma bila kukunja viwiko, makombe yatanuke kuzunguka mbavu, kifua kiachane na sakafu kidogo zaidi. Ashikilie sekunde mbili, kisha aachie polepole. Mwaka 1999 mtafiti Decker na wenzake walipima umeme wa misuli wakati wa mazoezi ya bega, na pushapu yenye msukumo huu wa ziada ilikuwa miongoni mwa yaliyoiamsha serato kwa nguvu kubwa. Mwendo wenyewe ni mdogo mno, na kwa sababu hiyo hudanganywa kirahisi: mtu hukunja mgongo au huangusha kichwa, akadhani amesukuma. Wekeni kiganja kati ya makombe yake. Mtahisi kama yanatembea au la.

Aanze ukutani. Akiweza seti tatu za mara 12 bila kombe kuchomoza, ahamie kwenye meza imara, kisha magoti chini, mwisho sakafuni. Kuanzia sakafuni kwa sababu tu ni kijana mwenye kifua kipana ni kosa.

Hata hivyo pushapu peke yake haitoshi, maana hufundisha zaidi kulivuta kombe mbele kuliko kulizungusha. Ongezeni zoezi la kuteleza ukutani: mikono ya mbele imeegemea ukuta, anausukuma kidogo huku akiipandisha hadi juu ya usawa wa mabega, bila kuinua mabega kuelekea masikioni. Ngumi ya kusukuma mkanda wa mpira wa mazoezi nayo inafaa. Pasipo na mkanda huo, tyubu ya baiskeli iliyofungwa vizuri kwenye nguzo inatosha kabisa.

Lipo jambo moja ambalo halitaki haraka. Msuli huu huamshwa na neva ndefu ya kifua, itokayo shingoni. Neva hiyo huweza kuumia kwa mzigo mzito begani, kwa kipigo cha ubavu, au kwa upasuaji wa kwapani, ukiwemo ule wa saratani ya matiti. Mtu ambaye kombe lake limechomoza ghafla, au baada ya ajali au upasuaji, na anashindwa kuinua mkono, asipewe pushapu. Apelekwe kwa daktari kwanza. Neva huweza kuchukua miezi mingi kupona, wakati mwingine hadi miaka miwili, na kuulazimisha msuli usiopata amri hakuiponyi.

Kwa makocha ombi langu ni moja: msimwongezee mchezaji uzito wa kunyanyua juu ya kichwa mpaka mmemtazama mgongoni akisukuma ukuta.